Gari la haibridi kwa safari fupi: Piga hesabu kabla ya kutoa fedha ya mavuno

MSIMU wa mauzo unapomalizika, moja ya mambo yanayozungumzwa sana na wakulima na wafanyabiashara wadogo ni gari. Fedha ya mpunga, ya viazi au ya mayai ikishakusanyika, swali linalofuata ni gari gani linunuliwe. Siku hizi jibu la madalali wengi ni moja: chukua haibridi, gari hilo halili mafuta.

Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Mtu anayeendesha kilomita tatu kwenda dukani asubuhi na tatu kurudi nyumbani jioni anaweza kulipa mamilioni zaidi kwa ajili ya gari hilo, kisha asione tofauti yoyote ya maana kwenye kituo cha mafuta. Mwingine, anayeshinda barabarani akisambaza bidhaa katikati ya foleni, anaweza kurudisha fedha yake katika muda usiozidi miaka michache. Wote wawili watasema safari zao ni fupi. Kinachowatenganisha ndicho kinachoamua kama gari litakuwa msaada wa biashara au mzigo juu ya mtaji.

Suala hili si dogo. Bei ya petroli jijini Dar es Salaam ilivuka Sh3,000 kwa lita mwaka 2022, na tangu hapo bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi zimekuwa zikifuatiliwa na wenye magari kama wakulima wanavyofuatilia mvua. Ni haki kabisa mtu kutafuta gari linalobana mafuta. Hata hivyo, mafuta ni gharama moja tu kati ya nyingi za kumiliki gari.

Nguvu mbili ndani ya gari moja

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme, vyote vikifanya kazi ya kuzungusha magurudumu. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997, na kuanzia mwaka 2000 ikaanza kuisambaza katika masoko mengine. Aqua, ambayo ndiyo inayoonekana kwa wingi miongoni mwa magari madogo ya aina hii yanayoingia Afrika Mashariki, ilizinduliwa Desemba 2011. Corolla Fielder ya haibridi ilifuata mwaka 2013, na Probox ya haibridi mwaka 2018.

Magari haya ya kawaida ya haibridi hayachomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Umeme wake wote unatokana na petroli iliyowekwa kwenye tangi. Injini inapofanya kazi, sehemu ya nguvu yake huchaji betri kubwa. Vilevile dereva anapokanyaga breki au anapoteremka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha kwenye betri nguvu ambayo katika gari la kawaida ingepotea kama joto kwenye breki.

Akiba ya mafuta inapatikana katika mambo matatu. Kwanza, gari likisimama kwenye foleni au kwenye taa, injini huzimika yenyewe. Pili, gari huondoka taratibu kwa kutumia mota, wakati ambapo injini ya petroli ingekunywa mafuta mengi kwa kazi ndogo. Tatu, kila breki inarudisha umeme kidogo.

Ni muhimu pia kuelewa kwamba betri hiyo si ghala kubwa la umeme. Betri ya Prius ya kizazi cha pili hubeba takriban uniti 1.3 za umeme, na ile ya Aqua ya mwaka 2011 haifikii uniti moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka kwa saa nzima hutumia uniti moja. Kwa hiyo anayedhani atakwenda dukani na kurudi kwa umeme mtupu anajidanganya. Kwa betri peke yake gari huenda umbali mfupi sana, tena kwa mwendo mdogo, kisha injini huwaka.

Vipimo vinaonyesha nini

Wakala wa mazingira wa Serikali ya Marekani, EPA, hupima matumizi ya mafuta ya magari kwa mizunguko miwili, wa mjini na wa barabara kuu. Aqua ya mwaka 2012, iliyouzwa Marekani kwa jina la Prius c, ilipata wastani unaolingana na kilomita 22.5 kwa lita mjini na 19.6 kwenye barabara kuu. Vitz ya mwaka huohuo, iliyouzwa huko kwa jina la Yaris ikiwa na injini ya cc 1,500 na gia za otomatiki, ilipata takriban kilomita 12.8 mjini na 14.9 barabara kuu.

Takwimu hizo zina somo ambalo madalali wengi hawalielezi. Gari la kawaida hubana mafuta zaidi kwenye barabara kuu kuliko mjini, ilhali haibridi hufanya kinyume chake. Faida yake kubwa iko pale penye kusimama na kuondoka, si kwenye mwendo mrefu wa kasi moja. Mfanyabiashara anayesafiri kila wiki kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam ataona nafuu, lakini ndogo kuliko ya yule anayezunguka Tandika, Temeke na Kariakoo kutwa nzima.

Ni vyema pia kutahadhari na vipimo vya Japani ambavyo hutajwa kwenye matangazo. Aqua ilipozinduliwa ilitangazwa kuwa na uwezo wa kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha huko kiitwacho JC08. Hakuna mnunuzi anayepaswa kupanga bajeti yake kwa namba hiyo, kwani kipimo hicho ni chepesi kuliko barabara halisi zenye mashimo, milima, kiyoyozi na abiria watano.

Tatizo la injini baridi

Hapa ndipo safari fupi zinapoleta utata. Injini yoyote ya petroli hutumia mafuta mengi zaidi ikiwa baridi. Oili bado ni nzito, na petroli haichanganyiki vizuri na hewa. Aidha, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, ambacho mafundi hukiita masega, hakifanyi kazi sawasawa mpaka kipate moto.

Kompyuta ya gari la haibridi inalijua hilo. Asubuhi dereva anapoondoka, huiwasha injini na kuiacha iendelee kuunguruma, hata gari likiwa limesimama, mpaka ipate joto la kutosha. Ni baada ya hapo tu ndipo inapoanza kuizima kwenye taa na kwenye foleni. Kama safari nzima ni kilomita mbili au tatu, gari hufika kabla injini haijamaliza kupata moto. Maana yake ni kwamba mmiliki amenunua mashine ya kuzima injini, kisha akaitumia katika dakika zile ambazo injini haizimiki.

Vipimo vya Marekani vinathibitisha jambo hilo. Katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, magari ya kawaida hupoteza takriban asilimia 15 ya ufanisi wake wa mafuta katika safari za mjini ukilinganisha na siku ya joto la nyuzi 25, lakini magari ya haibridi hupoteza zaidi ya asilimia 30. Tanzania haina baridi ya namna hiyo. Jijini Dar es Salaam injini hupata moto haraka na hasara hiyo ni ndogo. Lakini mkazi wa Njombe, Makete au Mbeya, anayewasha gari alfajiri ya Juni au Julai, atauona mwelekeo huohuo kwa kiasi chake.

Jambo jingine linaloathiriwa na safari fupi ni oili. Injini isipopata moto kamili, unyevu na mabaki ya petroli hubaki ndani ya oili badala ya kuchomwa na joto. Kwa sababu hiyo, gari la safari fupi, liwe la haibridi au la kawaida, linapaswa kubadilishwa oili kwa kufuata kalenda na si kilomita pekee. Mwenye kutembea kilomita 300 kwa mwezi akisubiri zitimie 5,000 atakuwa amekaa na oili ileile zaidi ya mwaka mmoja.

Watu watatu, safari tatu fupi

Chukua mfano wa watu watatu wanaowawakilisha wasomaji wengi.

Wa kwanza ana duka la pembejeo Njombe mjini. Nyumbani mpaka dukani ni kilomita tatu. Anakwenda asubuhi, anarudi kula mchana, anarejea dukani, na jioni anafunga. Jumla ni kilomita 12 kwa siku, katika vipande vinne, na kila kipande injini imepoa.

Wa pili ni mfugaji wa kuku wa mayai, Kibaha. Anabeba trei na kuzisambaza kwenye maduka na kwa wauza chipsi Mbezi, Kimara na Manzese. Kila kituo hakiko mbali na kingine, lakini mpaka anarudi nyumbani amekwisha kutembea takriban kilomita 60, nyingi zikiwa ndani ya foleni, na injini haipoi kwa sababu husimama dakika chache tu.

Wa tatu ni mkulima wa nyanya, Ilula mkoani Iringa. Shamba liko kilomita chache kutoka barabara kuu, njia ni ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na mzigo wake ni matenga.

Wote watatu wana safari fupi. Lakini wa kwanza ana safari fupi za injini baridi, wa pili ana safari fupi zilizoungana, na wa tatu ana safari fupi za mzigo na barabara mbovu. Gari moja haliwezi kuwa jibu kwa wote.

Hesabu yenyewe

Ili kurahisisha, ichukuliwe bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita na matumizi ya mjini ya EPA yaliyotajwa hapo juu. Gari la kawaida linalokwenda kilomita 12.8 kwa lita litatumia Sh23,400 kwa kila kilomita 100. Haibridi ya kilomita 22.5 kwa lita itatumia Sh13,300. Tofauti ni takriban Sh10,100 kwa kila kilomita 100, yaani Sh101 kwa kilomita.

Mfugaji wa Kibaha, akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, anatembea kilomita 18,720 kwa mwaka. Anaokoa takriban Sh1,890,000. Kama haibridi ilimgharimu Sh4 milioni zaidi ya gari la kawaida la hali ileile, fedha hiyo inarudi baada ya miaka miwili na miezi michache. Hata akiamua kutenga Sh3 milioni nyingine kwa ajili ya betri kubwa, bado anarudisha zote katika muda usiofika miaka minne.

Mwenye duka la pembejeo Njombe anatembea kilomita 3,744 kwa mwaka. Akipata akiba kamili, ataokoa Sh378,000 kwa mwaka, na Sh4 milioni zitarudi baada ya miaka zaidi ya 10. Lakini hatapata akiba kamili, kwa sababu injini yake ni baridi kila safari. Ikiwa nusu ya faida itapotea, anaokoa Sh189,000 tu, na muda wa kurudisha fedha unafika miaka 21. Gari litakuwa limechakaa na kuuzwa kama chuma chakavu kabla hajarudisha fedha yake.

Hesabu hiyo bado haijagusa gharama ya fedha yenyewe. Kama Sh4 milioni za ziada zilikopwa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza pekee inakaribia Sh600,000, ambazo ni nyingi kuliko akiba yote ya mafuta ya mwenye duka huyo. Na kama hazikukopwa, zimetoka mahali fulani: kwenye mbolea ambayo ingenunuliwa mapema kabla bei haijapanda, kwenye vifaranga wa kundi jipya, au kwenye bidhaa za kujaza rafu. Mtaji uliolala ndani ya betri ya gari hauzai chochote kama gari lenyewe halitembei.

Kwa bei hizo za mfano, anayetaka kurudisha tofauti ya Sh4 milioni ndani ya miaka mitano anapaswa kutembea takriban kilomita 25 kila siku ya kazi, ndani ya mji na injini ikiwa na moto. Akitaka kujumuisha na fedha ya betri, anapaswa kufika kilomita 44. Kila mnunuzi aweke bei za soko la siku yake, lakini njia ya hesabu ni hiyohiyo: tofauti ya bei igawanywe kwa akiba ya mwaka.

Gharama ambazo dalali hazitaji

Gharama inayoogopwa zaidi ni betri kubwa. Betri ya Prius ya kizazi cha pili imeundwa kwa vipande 28 vilivyounganishwa na kutoa volti zipatazo 201. Kipande kimoja kikidhoofika, betri nzima huyumba na taa ya tahadhari huwaka. Nchini Marekani, Toyota ilikuwa ikitoa dhamana ya betri ya miaka minane au kilomita zipatazo 160,000, na kuanzia magari ya mwaka 2020 ikaongeza hadi miaka 10 au kilomita 240,000. Magari mengi yaliyotumika yanayofika hapa yana umri unaokaribia au kupita miaka hiyo, na mnunuzi asitarajie dhamana ya nje kumfuata hadi bandarini.

Baadhi ya mafundi hubadilisha kipande kimoja kibovu na kuweka kingine cha zamani. Hiyo ni nafuu ya muda. Vipande vingine vina umri uleule, na kimoja kikifa, vingine haviko mbali. Anayetengenezewa kwa njia hiyo aihesabu kama kiraka, si tairi jipya.

Kuna pia betri ndogo ya volti 12, ile inayowasha kompyuta, taa na redio. Katika haibridi za Toyota betri hiyo huchajiwa pale tu taa iliyoandikwa READY inapokuwa imewaka kwenye dashibodi. Gari linalotembea dakika tano kwa siku haliichaji vya kutosha, na mwenye kukaa gulioni akisikiliza redio bila taa hiyo kuwaka atakuta gari limegoma. Ikifa, gari haliwezi kusukumwa likawaka kama gari la gia za kawaida.

Kwa upande wa breki kuna habari njema na mbaya. Kwa kuwa mota husaidia kupunguza mwendo, pedi hudumu muda mrefu zaidi. Lakini gari lisilotumika sana, hasa maeneo ya pwani yenye hewa ya chumvi, diski zake hushika kutu kwa kutofanya kazi. Breki zinapaswa kufunguliwa na kusafishwa hata kama pedi bado nene.

La mwisho ni fundi. Nyaya za rangi ya machungwa zilizo chini ya boneti na chini ya gari hupitisha umeme mkali unaoweza kuua. Si kazi ya fundi wa chini ya mwembe asiye na mafunzo, glavu za umeme wala kompyuta ya kupimia. Aliyeko wilayani na fundi wa karibu mwenye ujuzi huo yuko mji mwingine, aongeze kwenye hesabu yake gharama ya kubebwa na gari la kuvuta.

Vumbi, mzigo na barabara

Betri kubwa hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari. Katika Prius betri iko nyuma ya kiti cha abiria wa nyuma, na katika Aqua iko chini ya kiti hicho, huku tundu la kuvutia hewa likiwa pembeni ya kiti. Mwenye kuweka gunia la pumba, viroba vya chakula cha kuku au nguo za mtumba kwenye kiti cha nyuma anaweza kuliziba bila kujua. Vumbi la barabara za vijijini nalo huingia na kuganda kwenye feni. Betri isiyopumua hupata joto, na betri yenye joto hufa mapema. Kusafisha feni hiyo ni kazi ya muda mfupi ambayo huokoa mamilioni.

Mkulima wa Ilula ana tatizo kubwa zaidi. Aqua na Prius ni magari ya chini, yanayovutwa na magurudumu ya mbele, yaliyoundwa kwa ajili ya lami ya mijini. Matenga ya nyanya si mzigo wake. Kwa mkulima huyo, kirikuu ya cc 660, ambayo kwa kiwango cha Japani hubeba kilo 350, itamfaa zaidi hata kama haina umeme wowote, hasa ikiwa ni ile inayovuta magurudumu yote manne. Spea zake ziko kila mji, na fundi wa jirani anaifahamu.

Anayenunua akague nini

Kwa yule ambaye hesabu imekubali, hatua inayofuata ni kukagua gari lenyewe. Gari lipimwe kwa kompyuta inayosoma volti za kila sehemu ya betri kubwa. Sehemu moja ikiwa chini sana kuliko nyingine wakati gari linapanda mlima, betri hiyo inaelekea mwisho.

Asiye na kompyuta anaweza kuangalia mchoro wa betri kwenye dashibodi wakati wa kuendesha kwa nusu saa. Mistari ikipanda hadi juu na kushuka hadi chini kwa dakika chache, hiyo ni dalili ya betri iliyochoka. Betri nzima hupanda na kushuka taratibu.

Kilomita zilinganishwe na karatasi ya mnada ya Japani, kwani kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Maji ya kupozea mfumo wa umeme, ambayo yana chombo chake tofauti na cha injini, yaangaliwe. Aidha, kabla ya kuagiza gari, kodi ikokotolewe kupitia TRA, kwa kuwa ushuru hutegemea thamani, ukubwa wa injini na umri, na gari lililozidi miaka minane hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Gari lililoonekana rahisi Japani linaweza kupoteza urahisi huo bandarini.

Mbadala upo

Mwenye safari fupi chache ana njia nyingine za kubana matumizi. Ya kwanza ni gari dogo la kawaida la injini ya cc 1,000, lililo katika hali nzuri, ambalo bei yake iko chini na fundi wake yuko kila mtaa. Ya pili ni kuunganisha safari: kwenda benki, kwa msambazaji na sokoni katika mzunguko mmoja huku injini ikiwa na moto, badala ya kutoka mara nne. Hatua hiyo haina gharama yoyote, na humsaidia hata aliyekwisha kununua haibridi.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam kuna gesi asilia, ambayo baadhi ya magari na bajaji tayari huitumia, ingawa mtumiaji anapaswa kwanza kuangalia umbali wa kituo cha kujazia na urefu wa foleni yake. Kwa mzigo mdogo wa mara moja kwa siku, bajaji ya mizigo au bodaboda ya kukodi inaweza kuwa nafuu kuliko kumiliki gari la aina yoyote.

Ipo pia haibridi ya kuchomeka kwenye umeme. Prius ya aina hiyo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 ina betri ya uniti 4.4, zaidi ya mara tatu ya ile ya Prius ya kizazi cha pili. Hilo ndilo gari ambalo kimaumbile linafaa safari fupi, kwa kuwa kilomita za mwanzo huenda kwa umeme wa nyumbani na injini inaweza isiwake kabisa. Lakini betri kubwa zaidi ni gharama kubwa zaidi siku itakapokufa, na linahitaji nyumba yenye umeme wa uhakika na mahali salama pa kulichaji usiku.

Kabla ya kwenda kwa dalali, mkulima au mfanyabiashara achukue daftari na kuandika kwa wiki mbili kilomita anazotembea kila siku, mara ngapi amewasha gari likiwa limepoa, na muda aliokaa kwenye foleni. Daftari hilo likionyesha kilomita 40 na zaidi kwa siku ndani ya mji, haibridi yenye betri nzima ni chombo cha biashara na inastahili fedha yake. Likionyesha kilomita 10 au 12 za vipande vipande, fedha hiyo ibaki kwenye mbolea, vifaranga na bidhaa, ambako inarudi kila msimu.